Paka mgeni nyumbani: Chakula peke yake hakitoshi

NI wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kuisikia hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Hutajwa katika khutba, hufundishwa madrasa, na watoto wetu huihadithia wangali wadogo. Imepokewa na Bukhari na Muslim, na maana yake ni kwamba mwanamke huyo alimfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha, na wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe vijidudu vya ardhini.

Kwa bahati mbaya, wengi wetu tumeishia kwenye chakula tu. Tunadhani ukishamwekea paka dagaa na maji, basi hesabu yako kwa Mola wako imekwisha. Ipo haki nyingine ya mnyama ambayo tunaisahau, nayo ni haki ya kutotiwa hofu bila sababu. Na hakuna mahali haki hii inapopotea kwa urahisi kama pale tunapomtoa paka alikozoea na kumleta kwenye nyumba asiyoijua.

Tuangalie yanayotokea mitaani kwetu. Familia imehamia nyumba mpya na panya wanasumbua. Anaombwa paka kwa ndugu au jirani wa zamani. Anatiwa kwenye mfuko wa salfeti, mdomo unafungwa kamba, anapakiwa kwenye daladala. Akifika anamwagwa katikati ya sebule mbele ya watoto watano wanaopiga kelele kwa furaha. Paka anaruka nyuma ya kabati. Watoto wanamchokoa kwa mti wa ufagio ili atoke wamshike. Usiku anapata upenyo wa dirisha, anatoka, na haonekani tena. Asubuhi watu wanasema: "Paka hana shukrani, huyo!"

Ndugu msomaji, nani hapo hakuwa na shukrani? Paka yule pengine amegongwa na gari akijaribu kurudi alikotoka, au anapigwa mawe mtaa wa tatu anakopita akitafuta chakula jalalani. Aliyemtoa kwao ni sisi. Tulimchukua kama amana, tukaipoteza amana ile usiku wa kwanza, kisha tukamtwika yeye lawama.

Hofu ya mnyama katika mafundisho ya Mtume (SAW)

Huenda mtu akasema kuwa hofu ya paka ni jambo dogo, si la kuandikiwa makala. Lakini tukirejea katika Sunna tutakuta Mtume (SAW) hakulichukulia kuwa dogo.

Katika hadithi iliyomo kwenye Sunan ya Abu Dawud, Mtume (SAW) aliingia katika bustani ya mmoja wa Answari akamkuta ngamia. Ngamia yule alipomuona alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakatoka machozi. Zingatia mpangilio wa mambo. Kwanza Mtume (SAW) alimwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Ndipo alipouliza mwenye ngamia ni nani, akamuonya kijana yule amuogope Allah kwa mnyama huyo ambaye alikuwa akimshindisha njaa na kumchosha kwa kazi. Mnyama alitulizwa kwanza, mashtaka yakafuata baadaye.

Vile vile Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (RA) kisa cha ndege mdogo aliyechukuliwa makinda yake na Masahaba wakiwa safarini. Ndege yule akawa anapiga mbawa kwa wasiwasi. Mtume (SAW) alipomuona aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu wa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Ndege yule hakuwa na njaa wala jeraha. Alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi ule ukatosha kuwa sababu ya kutolewa amri.

Na katika adabu za kuchinja tumekatazwa kumnolea mnyama kisu mbele ya macho yake. Ikiwa mnyama anayekwenda kuliwa anahifadhiwa na hofu katika dakika zake za mwisho, itakuwaje kwa paka ambaye tumemchukua ili aishi nasi miaka kumi au kumi na tano?

Hapa inafaa tuseme jambo moja kuhusu visa vinavyosambazwa. Wapo wanaohadithia kwamba Mtume (SAW) alikuwa na paka aitwaye Muezza, na kwamba alikata mkono wa kanzu yake asimuamshe. Kisa hiki hakina asili katika vitabu vya hadithi. Na ile kauli kuwa kumpenda paka ni sehemu ya imani, wanachuoni wa hadithi wamesema si maneno ya Mtume (SAW). Hatuna haja ya visa vya kubuni wakati vilivyo thabiti vinatutosha. Sahaba mtukufu Abu Huraira (RA), aliyepokea hadithi zaidi ya 5,000, alilipata jina lake hilo kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa naye wakati akichunga mbuzi za watu wake.

Kwa nini paka huogopa nyumba mpya

Mwanadamu akihama nyumba huitambua mpya kwa macho. Paka huitambua kwa pua. Kila siku anapojisugua shavu kwenye mguu wa meza, pembe ya mlango au pindo la nguo yako, anaacha harufu yake, na harufu hiyo ndiyo inayomwambia kuwa hapa ni kwetu na hapa ni salama. Ukimtoa ghafla ukampeleka nyumba nyingine, kila kitu kinanukia ugeni. Kwa upande wake ni kama mtu aliyeamka usiku katika mji asioujua, hana taa wala wa kumuuliza njia.

Tena masikio yake yanasikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Redio iliyofunguliwa hadi mwisho na mlango unaobamizwa ni mambo yanayomtisha mara dufu.

Dalili za hofu ni rahisi kuzijua. Masikio hulala nyuma, mboni za macho hutanuka, mwili hujikunyata, mkia hufichwa. Wengine hutoa sauti ya kufoka, "hhhh", na makucha yakawa nje. Huo si ukali wala uchawi. Ni mnyama anayesema: "Tafadhali usinisogelee." Tuseme hivyo hasa kwa ajili ya paka weusi, ambao hupigwa na kuchomwa kwa itikadi za majini na uchawi ambazo Uislamu umekuja kuzifuta.

Je, kumfungia si kosa lile lile?

Wataalamu wa mifugo wanashauri kuwa paka mgeni aanze na chumba kimoja kilichofungwa, kisha afunguliwe nyumba nzima kidogo kidogo, na asitoke nje kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, au zaidi akiwa bado na hofu. Muislamu aliyeisoma hadithi ya yule mwanamke anaweza kushtuka: si huko ndiko kumfunga paka?

Jibu limo ndani ya hadithi yenyewe. Mwanamke yule alikusanya mambo mawili: alimzuia paka asijitafutie, na hakumpa. Wanachuoni wameeleza kuwa kumweka paka nyumbani kunaruhusiwa maadamu mwenye kumweka anatimiza haki zake za chakula na maji. Kumzuia kwa siku chache ili asipotee, huku ukimpa kila anachohitaji, ni kumhifadhi. Mlango ni ule ule na komeo ni lile lile, lakini mmoja amefunga kwa kutojali na mwingine kwa kujali.

Lakini hoja hii ina upande wa pili unaotuhukumu. Ukishamfungia, hana tena pa kukimbilia. Kila anachokosa kuanzia hapo kimo shingoni mwako. Asiyeweza kuubeba mzigo huo ni bora asimchukue.

Hatua kwa hatua

1. Kabla ya kumleta. Tengeneza mahali pake kwanza. Weka bakuli la maji, bakuli la chakula, na mbali kidogo na hivyo beseni pana lenye mchanga mkavu wa kujisaidia. Paka hapendi choo chake kiwe karibu na sahani, na katika hilo yuko sawa na sisi. Funga matundu: mbao ya dari iliyoachia, upenyo kati ya ukuta na bati, dirisha lenye nondo lisilo na wavu. Kama unaombewa paka mdogo, usimwachishe mama yake kabla hajatimiza wiki 8. Na ombeni kwa mwenyewe kipande cha kitambaa anacholalia, mje nacho.

2. Safari. Acheni mifuko ya salfeti. Tenga la kuku lililofunikwa kanga, au kikapu chenye mfuniko uliofungwa vizuri na kupitisha hewa, vinatosha. Ndani weka kile kitambaa. Kanga inayofunika humpunguzia vitisho vya njiani. Asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda mfupi, maana joto humuua.

3. Siku ya kwanza. Mpeleke moja kwa moja chumbani kwake, funga mlango, fungua tenga, kisha muache. Usimvute atoke. Mwekee boksi la katoni lililolazwa ubavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walichapisha mwaka 2014 matokeo ya uchunguzi wao kwa paka waliofikishwa kwenye kituo cha kutunzia wanyama. Waliopewa boksi la kujificha walitulia siku kadhaa mapema kuliko wasiopewa. Mara nyingi sisi tunafanya kinyume, tunaziba kila mahali pa kujificha tukidhani ndiyo atatuzoea haraka.

4. Kuzoeana. Ingia, kaa chini sakafuni, ufanye shughuli yako. Soma Qur'an kwa sauti ya chini, au chambua mchele wako. Usimkazie macho, kwani kwa paka kukaziwa macho ni tishio. Akikutazama, fumba macho taratibu kisha fumbua. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020 ulionesha kuwa paka huwa tayari zaidi kumsogelea mtu asiyemjua anapowafumbia macho taratibu namna hiyo. Mpe mkono aunuse. Akijisugua, mguse shavuni na chini ya kidevu, si tumboni. Akiondoka, muache aondoke.

5. Chakula. Mpe kile alichozoea huko alikotoka, na ubadilishe polepole baadaye. Lisha kwa saa maalumu, ili aifahamu sauti ya nyayo zako kuwa ni ya riziki. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, maji safi yanamtosha. Kukosa hamu ya kula siku ya kwanza ni kawaida. Lakini akipitisha siku mbili bila kula kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu paka asiyekula huweza kuharibika ini. Na paka dume anayejikamua mkojo bila kutoka chochote asingojewe kesho, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

6. Kumfungulia. Akianza kula mbele yako na kutembea chumbani mkia ukiwa juu, fungua mlango nyumba ikiwa tulivu. Muache atoke mwenyewe na aweze kurudi. Chumba kile kibaki kimbilio lake. Kumtoa uani kuje baada ya zile wiki, tena kabla ya saa ya chakula, akiwa na njaa kidogo, ukiwa naye na kwa dakika chache. Atarudi kwa sababu amejua sahani yake iko wapi.

7. Kama yupo paka mwingine. Wasikutanishwe siku ya kwanza. Badilishaneni vitambaa vyao vya kulalia, kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake. Kisha walishwe huku na huku ya mlango uliofungwa, na baadaye waonane kwa muda mfupi mbele yako. Kila mmoja awe na sahani yake na beseni lake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka tusiifuate methali hii. Wapo wanaotulia kwa siku tatu, na wapo ambao miezi miwili inapita bado wanajificha anapobisha hodi mtu. Msimtake akamate panya wiki ya kwanza.

Wenye chumba kimoja

Najua wapo watakaosema kuwa haya ni ya wenye majumba makubwa. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja au viwili, uani ni kwa wote na jiko liko koridoni. Basi chumba kimoja ndicho kile kile tulichokieleza. Chagua pembe, nyuma ya kitanda au ya kabati, weka boksi, ning'iniza kanga mbele yake, na nyumba nzima ikubaliane kuwa pembe ile hakuna anayempeleka mtu mkono. Mtihani ni mlango, ambao hufunguliwa kila dakika. Aingiaye aufunge nyuma yake.

Kabla ya yote, muombe ruhusa mwenye nyumba na uwaambie wapangaji wenzako. Paka akila samaki wa jirani, dhamana ni yako, na haki ya jirani ni nzito. Paka wengi wa mjini wamekufa kwa sumu kwa sababu ya samaki mmoja ambaye mwenye paka alikuwa na uwezo wa kumlipa.

Watoto nao waelezwe. Mtoto anayefundishwa kungoja mpaka paka aje mwenyewe, amefundishwa subira na huruma kwa vitendo, na hilo ni darasa ambalo hata madrasa haliwezi kumpa kwa siku moja.

Suala la tohara

Wengine huwafukuza paka kwa kuhofia Swala zao. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Malik, Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo, Abu Qatada (RA) aliwekewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha binti Ka'b. Akaja paka, naye akamuinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha alipostaajabu, alimfahamisha kuwa Mtume (SAW) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Hivyo mate yake hayaharibu maji wala chombo.

Mkojo na kinyesi chake ni najisi, na huoshwa kwa maji mpaka vikaondoka. Ama manyoya yanayopukutika, katika madhehebu ya Imam Shafi machache yake yanasamehewa. Linalofaa ni kuweka miswala mbali na pembe yake na kusafisha beseni kila siku. Mama mjamzito aachiwe mtu mwingine kazi hiyo, maana kinyesi cha paka huweza kubeba maradhi yanayomdhuru mtoto tumboni.

Paka aliyejawa na hofu anaweza kukojoa kwenye mkeka au kitandani. Usimpige na usimsugue pua pale. Yeye haunganishi kipigo kile na mkojo ule, anajifunza tu kuwa mikono yako ni ya kukimbiwa, na kazi yote ya wiki nzima imebomoka. Osha, kausha, kisha angalia beseni lake kama ni safi na kama limewekwa mahali pa utulivu.

Mambo ya hatari

Ukishaweka paka, sumu ya panya iondoke nyumbani, kwani akila panya aliyekula sumu naye hudhurika. Usimpe kabisa vidonge vya panado, ni sumu kwake hata kiasi kidogo. Dawa za viroboto za mbwa zisitumike kwake bila kumuuliza daktari, zipo zinazomuua. Akitimiza miezi mitatu, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huupata na kuuambukiza. Ikitokea mtu ameng'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tufahamu pia kuwa hapa Tanzania ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatesa wanyama. Lakini Muislamu hangoji askari. Alishatangulizwa na Qur'an, katika Surat al-An'am aya ya 38, kufahamu kuwa wanyama ni umma mfano wetu, na kwamba wao na sisi tutakusanywa kwa Mola mmoja.

Tunajifunza nini?

Tunajifunza kwamba amana ya mnyama huanza pale unapomtoa alipokuwa, kabla hata hujamwekea sahani. Jamii zilizotutangulia zililijua hili. Inaelezwa kuwa Sultan Baibars wa Misri, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277, aliacha bustani mjini Cairo iwe kwa ajili ya paka wasio na wenyewe. Sisi hatudaiwi bustani. Tunadaiwa boksi la katoni, beseni la mchanga, mlango unaofungwa taratibu, na wiki mbili za subira.

Mwanamke yule aliingia Motoni kwa paka aliyekuwa ndani ya mlango wake, asione wala kujali alichokuwa akikipata. Basi kila mwenye paka mgeni usiku wa leo, ajikunyate nyuma ya kabati au chini ya kitanda, amtazame kwa jicho jingine. Amwekee maji, azime redio, amuache.

Wallahu a'lam.